Mchango wa Kampeni Uliokuja Baada ya Kura

Ndugu msikilizaji wa Mafubira hapa Busoga na wa Mbale, leo nataka tuzungumze juu ya dola nusu milioni za Kimarekani. Na kabla ya kuzigusa fedha zenyewe, tuziangalie tarehe.

Tarehe 18 Februari 2016 wananchi wa Uganda tulipiga kura ya urais. Tarehe 20 Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Yoweri Kaguta Museveni kuwa mshindi, kwa zaidi ya asilimia 60. Tarehe 12 Mei akaapishwa pale Kololo. Sasa sikiliza. Baada ya ushindi huo kutangazwa, kuna mtu wa Hong Kong aliyemshauri bosi wake ampe Rais wa Uganda dola 500,000 taslimu, na fedha hizo ziitwe mchango wa kampeni. Kampeni gani, ndugu yangu? Mabango yalikuwa yameanza kupauka ukutani, na sisi tulikwisha kurudi mashambani.

Habari hii sikuiokota barabarani. Ilisemwa na waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani katika mahakama ya New York, katika kesi ya Patrick Ho, daktari wa macho aliyewahi kushika wadhifa mkubwa katika serikali ya Hong Kong. Ho aliongoza taasisi iliyofadhiliwa na CEFC China Energy, kampuni ya mafuta na nishati iliyokuwa na makao Shanghai. Mwenyekiti wa kampuni hiyo, Ye Jianming, ndiye bosi aliyeshauriwa. Ho alikamatwa Novemba 2017. Tarehe 5 Desemba 2018 jopo la mahakama lilimtia hatiani kwa kuhonga viongozi wa nchi za nje na kutakatisha fedha, na Machi 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka 3 na faini ya dola 400,000. Mashtaka hayo ya hongo yalihusu nchi mbili, Chad na Uganda yetu.

Upande wa Uganda ulikuwa na mafungu mawili, na ni vizuri tusiyachanganye. Fungu la kwanza ni dola 500,000 zilizotumwa kwa njia ya benki mwezi Mei 2016, kwenye akaunti iliyoelekezwa na Sam Kutesa, waziri wetu wa mambo ya nje wakati huo, ambaye alikuwa amemaliza mwaka wake wa kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Hizo ziliitwa msaada kwa mfuko wa hisani. Kwa kuwa zilipitia New York, Wamarekani walipata mamlaka ya kuzifuatilia. Fungu la pili ni hizo taslimu ambazo Ho alishauri apewe Rais. Waendesha mashtaka walisema pia kwamba Ho aliahidi kugawana faida ya biashara ya pamoja kati ya CEFC na kampuni za familia za Rais na waziri, familia ambazo zimeunganishwa na ndoa. Na CEFC ilitaka nini kwetu? Ilitaka mlango wa kuonana na wakubwa, ilitaka biashara, na ilikuwa na hamu ya kununua benki hapa nchini.

Lazima niwe mkweli kwa kila upande. Rais hakushtakiwa katika kesi ile, wala Kutesa. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema mawasiliano ya waziri na kampuni hiyo yalikuwa sehemu ya kazi zake rasmi, na waziri mwenyewe alikanusha kupokea hongo. Lakini aliyetoa ametiwa hatiani. Mahakama haimfungi mtu kwa kutoa zawadi safi.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu inatuonyesha jambo ambalo kwa kawaida linafichwa na vumbi la kampeni. Tunapomwona mwenye kampuni akichangia kabla ya kura, tunadhani anamsaidia mgombea ashinde. Anapotaka kuchangia baada ya kura, dhana hiyo inaporomoka yote. Ushindi ulikwisha kupatikana. Kilichobaki cha kununuliwa ni miaka 5 iliyo mbele: leseni, ardhi, msamaha wa kodi, zabuni, simu inayopokelewa usiku. Na mimi nasema hata mchango wa kabla ya kura, unapotoka kwenye kampuni kubwa yenye shida zake serikalini, mara nyingi unanunua kitu hicho hicho. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Mwenye kampuni anajua, na mgombea anajua. Asiyejua ni mpiga kura, kwa kuwa hakuwepo chumbani walipokubaliana.

Ukubwa wa fedha hizo pia tuupime kwa mizani yetu. Mwaka 2016 dola moja ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 3,300, kwa hiyo dola 500,000 zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 1.6. Shirika la ACFIM, linalofuatilia fedha za kampeni hapa Uganda, lilikadiria kwamba katika miezi miwili ya mwisho wa 2015 mgombea Museveni alitumia takriban shilingi bilioni 27. Amama Mbabazi alitumia kama bilioni 1.3, na Kizza Besigye hakufika bilioni moja, alikuwa kwenye milioni 976. Tazama basi: zawadi moja ya kampuni moja ya Shanghai inazidi kile ambacho mgombea mkuu wa upinzani alitumia kwa miezi miwili kuzunguka nchi nzima, kutoka Kabale hadi Moroto. Na mgombea aliyetumia karibu mara 12 ya wapinzani wake hao wawili wakijumlishwa, fedha zake zilitoka wapi? Michango ya wanachama wa kijijini? Wafanyabiashara? Kampuni zipi? Hakuna daftari lililobandikwa mahali ambapo mwananchi wa Mafubira angeweza kusimama akasoma majina.

Sheria zipo, tusiseme hazipo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2005 inaweka kikomo kwa fedha za kutoka nje: chama kisipokee zaidi ya shilingi milioni 400 katika miezi 12 kutoka kwa wageni, na inakitaka chama kitunze hesabu zilizokaguliwa. Lakini kwa kampuni ya hapa nyumbani hakuna dari. Kampuni inaweza kutoa milioni 10 au bilioni 10, na mgombea anaweza kutumia kadiri atakavyopata. Ukiwa na ada ya milioni 20 ya kuteuliwa kugombea urais na saini zako, unaingia uwanjani; baada ya hapo anayeshinda mbio za fedha ni yule ambaye wenye fedha wanamwogopa au wanamhitaji.

Sasa linganisha na sheria inavyomtazama mdogo. Kila msimu wa kampeni hapa kwetu tunaviona: vipande vya sabuni, pakiti za chumvi na sukari, noti za 5,000 zikiitwa nauli, mafuta ya bodaboda kwa vijana wa maandamano. Ni hongo, na mahakama za Uganda zimelishikilia jambo hili kwa nguvu. Katika kesi za ubunge, tendo moja tu la kumhonga mpiga kura likithibitishwa, kwamba mgombea alilifanya au alilijua, linatosha kufuta ushindi wote. Mbunge amepata kura elfu 30, lakini sabuni moja iliyothibitishwa inamvua kiti. Mimi naunga mkono ukali huo. Ninachouliza ni kwa nini ukali unaishia kwenye sabuni.

Na hata sabuni yenyewe haikupimwa kwa kipimo kimoja. Wakati wa uchaguzi wa 2016 Sheria ya Uchaguzi wa Rais ilikataza wagombea kutoa misaada wakati wa kampeni, halafu kifungu cha 64 kilimruhusu Rais aliyekuwa madarakani, ambaye naye alikuwa mgombea, kuendelea kutoa misaada katika shughuli zake za kawaida. Mwaka 2016, katika kesi ya Mbabazi dhidi ya Museveni, majaji wa Mahakama ya Juu waliuthibitisha ushindi wa Rais, lakini waliona tatizo hili na wakapendekeza kifungu hicho kirekebishwe, ili katazo liwahusu wagombea wote, Rais akiwemo. Haikuwa hoja ya upinzani iliyotolewa kwenye jukwaa. Ni maneno ya majaji wa mahakama ya juu kabisa katika nchi, katika hukumu iliyompa Rais ushindi.

Labda kuna mama ananisikiliza hapa Namulesa anasema, mwanangu, mambo ya Shanghai na New York yananihusu nini? Yanakuhusu, mama, kwa sababu sisi wa Busoga tunaishi katikati ya makampuni. Ukitoka Mafubira ukashika barabara ya Iganga unafika Kakira, kiwanda cha familia ya Madhvani kilichoanza 1930. Ukivuka Mto Nile unaingia Njeru kwenye viwanda vya bia na nguo. Ukiteremka na mto kidogo kuna bwawa la Bujagali, megawati 250, lililozinduliwa Oktoba 2012. Bunge limeongeza msamaha wa kodi kwa mradi huo zaidi ya mara moja, kwa hoja kwamba bei ya umeme itashuka. Bei ya miwa unayopata, umbali wa kiwanda unachoruhusiwa kukiuzia, bei ya uniti ya umeme, vyote hivi huamuliwa katika ofisi ambazo mwenye kampuni anaingia kwa miadi na wewe huingii kabisa.

Kumbuka mzozo wa sukari. Kwa miaka mingi ulibishaniwa umbali wa kilomita 25 kati ya kiwanda na kiwanda. Wenye viwanda vya zamani waliutaka ili miwa isigombaniwe, na wakulima wengi wa Busoga waliupinga kwa sababu walitaka kumuuzia yeyote mwenye bei nzuri. Rais alikataa kuusaini muswada, akaurudisha bungeni, mpaka ikapatikana Sheria ya Sukari ya 2020. Sisemi kwamba kiwanda chochote kilinunua msimamo wa mtu yeyote. Nasema hivi: mkulima mwenye eka mbili za miwa ana haki ya kujua kama kiwanda anachobishana nacho juu ya bei kimechangia kampeni ya yule atakayeamua ugomvi wao. Kama hakikuchangia, daftari la wazi litakisafisha. Usiri unamchafua hata asiye na kosa.

Na Mabira je? Kila anayekwenda Kampala kwa basi anaupita msitu ule. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa takriban hekta 7,100, karibu robo ya msitu, kwa kampuni ya sukari ya Lugazi inayomilikiwa na familia ya Mehta. Tarehe 12 Aprili mwaka huo watu waliandamana Kampala, na roho zilipotea. Mpango ukasimama, mwaka 2011 ukafufuliwa, ukapingwa tena. Ninyi wa Mbale na miteremko ya Mlima Elgon mna lenu. Februari 2022 serikali ilisaini mkataba na Uganda Vinci Coffee Company, ukaipa kampuni hiyo kipaumbele cha kupata kahawa bora pamoja na nafuu za kodi, na wakulima wa Arabika ya Bugisu wakashtuka kusikia kwamba kahawa yao imeshapangiwa mnunuzi. Mei mwaka huo Bunge lilipitisha ripoti iliyotaka mkataba uvunjwe. Hapa tena simtuhumu mtu kwa mchango. Lakini mambo makubwa kiasi hiki yakizuka ghafla, wananchi wanabaki wakiuliza nani alimfahamu nani, na hawana karatasi ya kuwajibu.

Majirani zetu wameyapitia haya, tena kwa uchungu. Kenya, kuelekea uchaguzi wa 1992, fedha za Goldenberg zilitoka hazina kama fidia ya dhahabu iliyodaiwa kuuzwa nje, dhahabu ambayo nchi haikuwa nayo kwa wingi huo. Mwaka ule fedha za kampeni zilimwagika mitaani mpaka noti ya shilingi 500 ikaitwa Jirongo, kwa jina la kiongozi wa kundi la vijana la YK'92 lililompigia debe Rais Moi, na mfumuko wa bei uliofuata ukalipwa na kila aliyenunua unga. Tanzania, karibu na uchaguzi wa 2005, kampuni 22 zilichota takriban shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya EPA ya Benki Kuu. Kampuni moja tu, Kagoda, ilibeba kama bilioni 40. Wapinzani walidai sehemu ya fedha iliingia katika kampeni za chama tawala. Hilo halikuthibitishwa mahakamani. Lakini mwaka 2010 Watanzania walipata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, yenye kikomo cha matumizi na wajibu wa kueleza fedha zimetoka wapi. Wakenya waliandika ya kwao 2013, kisha wabunge wale wale wakaisimamisha isitumike 2017, na 2021 bunge lililofuata likazikataa kanuni zake. Mbunge aliyebebwa na wafadhili hana haraka ya kutunga sheria ya kuwataja.

Kwa nini basi nisikate tamaa? Kwa sababu kuna nchi zilizothubutu. Aprili 2025 mahakama ya Lima, Peru, ilimhukumu rais wa zamani Ollanta Humala kifungo cha miaka 15 kwa kutakatisha fedha zilizoingia katika kampeni zake, baadhi zikiwa za Odebrecht, kampuni ya ujenzi ya Brazil. Peru si nchi tajiri ya kututisha. Lakini majaji walikuwa wa Peru, kesi ilisikilizwa Lima, na wananchi waliisikia kesi kwa lugha yao. Sisi habari yetu tulisimuliwa na mahakama ya New York, kwa sababu tu fedha zilipita kwenye benki za mji ule. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika kisa hiki. Kama zingepita njia nyingine, tungekuwa hatujui mpaka leo.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wanaolitoa wana sababu. Wanasema: ukiwataja wachangiaji Uganda, utamuumiza mfanyabiashara anayeusaidia upinzani. Kesho mamlaka ya kodi itakuwa mlangoni kwake, keshokutwa leseni yake imechelewa. Ni kweli, hofu hiyo ipo, na ni moja ya sababu zinazoufanya upinzani uende kwenye kampeni mikono mitupu wakati chama tawala kinagawa fulana kwa malori. Kwa hiyo sitaki kila aliyetoa shilingi 50,000 abandikwe jina lake ukutani. Mwalimu, muuza duka, mwenye bodaboda, huyo aachwe achangie kwa siri kama anavyopiga kura kwa siri. Anayepaswa kutajwa ni yule mwenye mkataba na serikali, mwenye msamaha wa kodi, mwenye ombi la ardhi ya umma au leseni ya kiwanda. Huyo amekwisha kuingia katika mambo yetu sote. Akitaka kuchangia mgombea wa urais, awe wa chama tawala au wa upinzani, jina na kiasi vitangazwe kabla ya siku ya kura. Na yule mwenye zabuni ya serikali mkononi, kwa maoni yangu asiruhusiwe kuchangia kabisa.

Na baada ya kura milango ifungwe. Mtu akileta fedha ushindi ukiwa umetangazwa, akaziita za kampeni, sheria izihesabu kuwa hongo bila kupoteza muda wa kubishana juu ya jina.

Ndugu msikilizaji, mbunge wako anarudi nyumbani mwisho wa wiki. Utamkuta msibani, harusini, kanisani au msikitini. Huwa tunamwomba mabati, magodoro na ada ya shule. Safari hii, wewe wa Mafubira na wewe wa Mbale, muombe kitu ambacho hakitoki mfukoni mwake. Mwambie arudi bungeni na pendekezo la Mahakama ya Juu la 2016 juu ya misaada ya Rais wakati wa kampeni, na aambatanishe nalo muswada wa kuyataja makampuni yanayochangia wagombea wa urais. Mwambie utamuuliza tena alifikia wapi, na utamuuliza mbele ya watu.